Mwenyekiti wa Sherehe ya Ng'ambo

Kamati ya sherehe ya mwisho wa mwaka kiwandani kwetu ilikuwa na wajumbe watano, lakini ilikuwa na akili moja tu, na hiyo akili haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mwenyekiti. Sisi wengine tulikuwa pale kutimiza akidi. Mimi nilikuwa Katibu, kazi niliyopewa kwa sababu mezani kwangu palikuwa na kompyuta, nikaifanya miaka tisa bila kuulizwa hata siku moja kama naipenda. Nikisema nilimjua mzee yule vizuri, msomaji aelewe kwamba nilimjua kwa hasira. Wapo watu unaowajua kwa kula nao. Huyu nilimjua kwa kugombana naye juu ya masufuria.

Kiwanda chetu kipo Nyakato, mjini Mwanza, tunatengeneza minofu ya sangara. Gari la samaki likiingia, watu wa visu, yaani wale wanaosimama mezani kuchuna na kukata, wanaitwa kazini, iwe Jumapili, iwe Idi, iwe mtu yuko kwenye harusi ya mdogo wake. Simu inapigwa, gari la kiwanda linapita mitaani kuwaokota. Hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo uonevu. Lilikuwa kama mvua, likija unalowa.

Mwenyekiti alitaka kitu kimoja tu maishani mwake pale kiwandani: siku moja kwa mwaka ambayo mfanyakazi atakaa chini, atakula, na hataitwa. Ili aipate siku hiyo, alituhamishia sherehe Busisi, ng'ambo ya maji, kwa kivuko. Alichokitaka nilikubaliana nacho tangu mwanzo. Njia aliyoichagua ndiyo iliyoniotesha mvi.

Kazi yake ilikuwa stoo. Alitunza mabuti ya mpira, makoti meupe, glavu na visu, na kisu hakikutoka kwake bila saini, hata kama anayekichukua ni yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa Kagera, Mlutheri wa kuimba besi, aliyeamini kwamba hakuna ugonjwa usiotibika kwa ndizi za kupika. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, ulipofika alikuja na kopo kikaoni, analizungusha kwa wajumbe mmoja mmoja, na aliyekataa aliandikwa moyoni. Vikao tulifanyia stoo humohumo, tumekaa juu ya maboksi ya glavu, lakini aliviendesha kama Bunge. Alivaa koti la suti la kahawia juu ya koti la kiwanda, akagonga ubao wa dirisha kwa kifuniko cha kalamu, na kikao kikawa kimefunguliwa.

"Wanaoafiki sherehe ifanyike Busisi waseme ndiyo."

"Ndiyo," anasema yeye, na fundi umeme ambaye alikuwa anamwogopa.

"Wasioafiki?"

"Siyo!" tunasema watatu.

"Nadhani walioafiki wameshinda. Katibu, andika."

Nikaandika! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ninayo mihtasari ya miaka mingi inayoonyesha wawili wakiwashinda watatu, na yote ina saini yangu.

Ukileta wazo alilokuwa hataki, hakubishana. Alisema, "Hoja yako tumeipokea." Hapo ujue hoja imekufa, imeoshwa na imezikwa. Mwaka mmoja niliamua kujipanga. Nilikwenda Buhongwa mwenyewe, nikakagua ukumbi, nikapiga picha, nikamfuata stoo asubuhi kabla hajapata cha kumkasirisha.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Katibu. Una sura ya mtu mwenye jambo."

"Nimepata ukumbi Buhongwa. Una jiko, una maji, una kivuli. Tunapanda basi, tunashuka, tunakula. Hakuna kuvuka."

"Una geti?"

"Geti zuri kabisa."

"Linafunguka?"

"Mwenyekiti, kuna geti lisilofunguka?"

"Basi gari la kiwanda litaingia. Hoja yako tumeipokea."

Nilitoka mle kwa hasira, nikasahau hata picha zangu juu ya boksi.

Lakini nisimwonee. Chanzo cha yote nilikiona kwa macho yangu. Kabla ya Busisi tulifanya sherehe kwenye ukumbi wa jirani, hapohapo Nyakato, tukaambiwa tulete na familia. Watu walipendeza siku ile. Mama Zawadi, mwenye mkono mwepesi kuliko wote kwenye meza za visu, alikuja na watoto wake wawili wamevaa nguo mpya, soksi zimepandishwa hadi magotini. Chakula kilipogawiwa, hata matonge mawili hayajafika tumboni, meneja akatokea mlangoni. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alinyoosha kidole tu: wewe, wewe, wewe, na meza ile yote. Gari la samaki lilikuwa limeingia. Watu wakasimama wakijifuta midomo. Mama Zawadi aliniwekea watoto wake mapajani, akaenda kuvua gauni na kuvaa buti.

Mwenyekiti alizunguka ukumbi akifunika sahani zilizoachwa kwa sahani nyingine, moja moja. Nilimwambia awape watu wengine. Akasema watarudi kula. Hawakurudi, na jioni tulimwaga. Kikao kilichofuata alitamka neno Busisi kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa siku ile wote tulikuwa na uchungu, hakuna aliyeuliza maswali.

Asiyewahi kuvusha pilau ya watu wote wa kiwanda kwa kivuko asiniambie habari za mateso. Mpishi alikuwa shangazi yangu, mama wa mjini, aliyepika shughuli za Waislamu na Wakristo wa Mwanza tangu mimi sijazaliwa. Kila mwaka aliniambia, "Mwanangu, pilau haipandi chombo. Inataka itoke motoni iende sahanini." Kila mwaka nilimbembeleza. Tulifunga masufuria kwa mablanketi, tukayapakia, tukafika Kigongo, upande wetu wa kivuko, na hapo tukakuta foleni ya malori ya ng'ombe, mafuta na saruji. Jua la kanda ile halina utani. Mwaka wa kwanza keki ilifika Busisi imeegemea upande kama mlevi, maandishi ya heri ya mwaka mpya yamechuruzika hadi kwenye boksi. Mwaka wa pili kachumbari ilichacha. Mwaka wa tatu mbuzi mmoja aliyevushwa akiwa hai alikata kamba ndani ya kivuko, na Mwenyekiti mwenyewe, na koti lake la suti, akamkimbiza katikati ya magari huku abiria wakimshangilia.

Na ratiba zake! Aliziandika kwa mkono, mimi nikazichapa. Saa 3:10, kuvuka. Saa 3:35, kushuka kwa utaratibu. Saa 4:40 hadi 6:00, kufurahi. Nilimuuliza kama kufurahi nako kuna muda wake. Akanijibu bila kucheka kwamba kisichopangwa hakifanyiki. Hatukuwahi kuvuka kabla ya saa tano, na saa yake ya kufurahi ilitukuta kila mwaka tumesimama juani upande wa Kigongo, tunapepea sufuria.

Kulikuwa na mwaka ambao kivuko kilipata hitilafu baada ya safari ya kwanza. Nusu ya watu walikuwa Busisi na soda, keki, spika na turubai. Nusu tulikuwa Kigongo na pilau yote. Nilimpigia simu nikiwa karibu kulia. Akaniambia nifungue sufuria nigawe, maana upande wetu sherehe imeanza. Kisha akaniamuru niiweke simu kwenye sauti ya juu, akasoma hotuba yake nzima kutoka ng'ambo, na watu wakaisikiliza wamezunguka gari huku wanakula kwa mikono. Wa kule walikula keki na kunywa soda mpaka wakachoka. Kwenye kikao cha tathmini alisema sherehe ilifana pande zote mbili. Nilirusha kalamu.

Hata hivyo mbinu yake ilifanya kazi, na hilo lilinikera zaidi. Mwaka uliofuata gari la samaki liliingia siku yenyewe ya sherehe, kama kawaida, na meneja akamtuma dereva atufuate. Dereva akakaa kwenye foleni ya Kigongo nyuma ya malori mpaka akachoka. Alipotokea Busisi, Mwenyekiti alimpokea na sahani mkononi.

"Karibu, baba. Kula kwanza."

"Asante, Mwenyekiti, lakini bosi anasema watu wa visu waje haraka."

"Tumemsikia. Foleni ya kurudi ikoje?"

Dereva akageuka kuangalia. "Mbaya."

"Basi kuku huyu hapa, na ndizi zile pale."

Yule dereva alikula, akaongeza, akavua viatu. Tuliporudi Nyakato siku ilikuwa imekwisha, na samaki walishughulikiwa kesho yake bila mtu kufa. Siku ileile nilimwona Mama Zawadi amelala kwenye nyasi za ufukweni, chali, mdomo wazi, viatu pembeni, kwa saa mbili nzima. Watu walimruka. Hakuna aliyemwamsha. Nilitazama pale nikasema moyoni, haya, mzee, umeshinda, masufuria yangu yaungue tu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishinda kuelewa kwa miaka yote ile. Mzee huyu hakuwa mwoga. Nilimwona akibishana na askari barabarani mpaka askari akaomba yaishe. Nilimwona akimsimamisha msimamizi wa kivuko na kumwambia kwamba wagonjwa wapite kabla ya malori, na wakapita. Kanisani kwao, nilisikia, alimwambia mchungaji mbele ya wazee kwamba mahubiri ni marefu. Lakini alipoingia ofisini kwa meneja, mtu yule alikuwa anapungua. Nilikaa chumba cha mbele, mlango hauzuii sauti, nilisikia kila neno.

"Kwa nini Busisi, mzee?"

"Ni upepo, bosi. Upepo wa kule ni mzuri."

"Na nikiwahitaji watu?"

"Tutajitahidi, bosi. Tutajitahidi kabisa."

Akitoka, alipita mezani kwangu bila kuniangalia, na siku hiyo stoo haikaliki. Nilikuwa nataka kumshika koti nimwambie arudi ndani, amwambie meneja ukweli kwamba watu wanataka siku moja tu. Sikumshika. Mimi pia nilikuwa nainuka meneja akipita.

Mtu aliyepigania wengine wapumzike hakuwahi kwenda likizo. Kule Busisi wenzake walipokula, yeye aliweka kiti chake kuelekea majini na kuhesabu magari yanayoshuka kwenye kivuko. Ukimpelekea sahani alikushukuru, akaiweka chini ya kiti, na huko ilibaki. Mafundi wawili wa vyumba vya baridi walilazimika kubaki kiwandani kila mwaka, maana mitambo haizimwi, na jambo hilo lilimkosesha raha kuanzia Novemba. Alipiga kura kwa vikaratasi ndani ya buti ili isionekane amependelea. Tukirudi, alibeba chakula chao mwenyewe, amekipakata kwenye basi, na hakuruhusu mtu kumsaidia. Basi lilipokuwa linaruka kwenye matuta alikiinua juu kwa mikono miwili.

Alistaafu kabla daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi halijakamilika. Tulimpa blanketi na redio, akahutubia kwa dakika arobaini, kisha akahamia Buhongwa kwenye kiwanja chake, akapanda migomba mpaka nyumba haionekani. Mimi nikawa mwenyekiti, ingawa mpaka leo kiwandani wananiita Katibu. Daraja lilipofunguliwa nilifurahi kuliko mtu yeyote Mwanza. Nilimpigia shangazi simu kumwambia kwamba sufuria sasa itafika ikiwa ya moto. Akasema Mungu ni mwema, isipokuwa alikuwa mvivu kidogo kwenye suala langu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipompelekea meneja barua ya maombi ya sherehe. Aliisoma akatabasamu. "Busisi? Sawa kabisa. Siku hizi ni hapo tu. Mtu akihitajika tunamfuata mara moja."

Jumapili hiyo nikaenda Buhongwa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti anafunga mgomba kwa kamba. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanikalisha kwenye kigoda na kunipa ndizi mbivu. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kufunga kamba.

"Basi twendeni Ukerewe," alisema.

"Mwenyekiti!"

"Ni kisiwa. Meli ipo. Ikishaondoka imeondoka."

"Mwaka huu hatupandi chombo chochote. Shangazi yangu ana miaka mingapi? Unataka afie juu ya maji na sufuria?"

"Hoja yako..."

"Usiipokee! Safari hii usiipokee. Nijibu swali moja. Uliwahi hata siku moja kumwambia meneja hapana?"

Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole, akakaza tena.

"Yule ana kiwanda kizima cha kusimamia, Katibu," alisema. "Kula ndizi."

Nilikula ndizi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikusikia utamu wake. Kabla ya kuondoka nilimwalika kama mgeni wetu wa heshima, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na kwa sababu sikujua sherehe ile ingekuwaje bila yeye.

Siku ya sherehe tulitoka Nyakato saa tatu, na kabla ya saa tano tulikuwa Busisi tumeshafunga turubai. Pilau ilifunguliwa moshi unapanda. Shangazi alisimama pembeni na kijiko chake akiwatazama watu wanavyokula, uso umemng'aa. Mwenyekiti alikaa meza moja na mimi, koti lilelile, amekonda kidogo. Keki ilikuwa imesimama wima. Kila kitu nilichokuwa nikikililia kwa miaka tisa kilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa natazama simu tu.

Simu ikaita saa saba kasoro. Nilipoona jina la bosi nikasimama.

"Katibu, gari la samaki limeingia. Basi liko njiani, linafika sasa hivi. Watu wa visu wajiandae."

Sikuwa nimemwambia mtu chochote, lakini walishaona. Meza za watu wa visu zilianza kuinuka zenyewe. Mmoja alikuwa anakunywa soda yake haraka ili isibaki. Wanawake walikuwa wanatafuta viatu chini ya meza kwa miguu. Muziki ulikuwa unaendelea kupiga.

Mwenyekiti alinivuta mkono. "Mwambie daraja limefungwa," alininong'oneza. "Mwambie kuna ajali."

Nilimtazama. Nadhani kama asingesema vile, ningejibu ndiyo bosi kama siku zote. Lakini niliposikia bado tunatafuta pa kujificha, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, niliutoa mkono wake kwenye mkono wangu.

"Hapana, bosi," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, haikuwa yangu. "Leo hawaji."

"Hawaji?"

"Hawaji. Leo ni siku yao, ndiyo kwanza wamekaa. Samaki wana barafu. Wataingia alfajiri."

Nilisikia mtambo unanguruma nyuma yake, na mtu akifunga mlango.

"Haya," akasema meneja. "Saa kumi na moja alfajiri, basi. Wasichelewe."

Akakata.

Niliwaonyesha watu kwa mkono wakae. Walinitazama kwanza, hawakuamini, kisha mmoja akakaa, na wengine wakafuata, viti vya plastiki vikikwaruza. Mtu akapiga kigelegele. Mimi nikabaki nimesimama na simu.

"Amesemaje?" Mwenyekiti aliuliza.

"Amesema haya."

"Haya, halafu?"

"Haya tu. Waingie alfajiri."

"Hakufoka?"

"Hakufoka."

Hasira yote ya miaka tisa ilinipanda kwa mkupuo. Nilitaka kumsomea orodha yote: keki, kachumbari, mbuzi, mablanketi, shangazi yangu juani, kura tatu zilizoshindwa na mbili. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona mikono yake juu ya meza, inatafuta kitu cha kushika na haikipati.

"Enzi zako asingekubali," nilimwambia. "Amebadilika siku hizi."

"Yule?" alisema Mwenyekiti. "Yule hajabadilika hata kiatu."

Kwenye meza za watu wa visu walikuwa wameanza kugombania nyama.

"Nipigie simu ile," alisema. "Nipe niongee naye."

"Umwambie nini, Mwenyekiti?"

"Nimwambie hapana."

"Hapana ya nini? Ameshakubali."

Midomo ilimcheza kama mtu anayetafuta jina la ndugu aliyemsahau.

"Hata ya zamani," alisema.

Nikamtafutia namba, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia mpaka kioo kilipojizima, kisha akanirudishia bila kupiga.